Kompyuta ikimbie, mwenzio alale

Unataka kompyuta ya nyumbani iongeze kasi bila kununua mpya? Inawezekana kabisa. Ila kama mnaishi wawili, kuna hesabu ya joto na kelele ambayo ni vizuri mkaifanya pamoja.

Siku hizi ofisi imehamia chumbani. Wengi wetu tunaoishi chumba na sebule hatuna pa kuiweka kompyuta zaidi ya ile kona iliyo hatua tatu kutoka kitandani. Mchana haina neno. Kasheshe huanza usiku, pale mmoja ana kazi ya kumaliza na mwingine ana usingizi wake.

Mimi ni mmoja wenu. Mchana nimeajiriwa, jioni na wikiendi naediti video za harusi, sendofu na kichen pati. Mume wangu huamka saa 10:30 alfajiri ili aiwahi barabara kabla foleni za Dar es Salaam hazijashona, kwa hiyo ikifika saa 4 usiku ameshalala, au anajaribu kulala. Harusi moja ilikuwa inanichukua saa 4 nzima kurenda. Mimi nilitaka muda huo upungue. Yeye alikuwa na ombi moja tu: "Mke wangu, kazi yako sikukatazi. Lakini hicho kidude kikianza kuvuma naota nimelala gesti yenye jenereta dirishani."

Ombi lake lilikuwa la haki, na langu pia. Tulichokifanya ndicho nataka nikusimulie, kwa sababu najua nyumba nyingi zina mjadala huu huu, iwe kompyuta ni ya kuchora ramani za majengo, kutengeneza muziki au kucheza gemu.

Kuikimbiza kompyuta ni nini hasa?

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma inayoongoza wachezaji. IBM PC ya mwaka 1981 ilipiga mara milioni 4.77 kwa sekunde. Za nyumbani za sasa hupiga mara bilioni 4, 5 na zaidi. Bilioni moja kwa sekunde ndiyo gigahezi moja. Kuikimbiza, au ovaklokingi kama wanavyoita mafundi, ni kuiambia ngoma iongeze mwendo kupita ule uliowekwa kiwandani.

Kwa nini iwezekane? Kwa sababu prosesa huzalishwa nyingi kwa pamoja kwenye kisahani kimoja cha silikoni, na hazitoki sawasawa, kama vile maandazi ya karai moja yasivyoiva sawa. Kiwanda huzipima, huzipanga madaraja, halafu huacha akiba ya usalama. Akiba hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Zamani akiba ilikuwa nono. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, ya megahezi 300. Wajanja wakagundua kwamba ukipandisha mwendo wa njia yake ya mawasiliano kutoka megahezi 66 hadi 100, inafika 450 bila kelele. Kasi ya ziada nusu nzima, tena ya dezo!

Dezo za namna hiyo zimekuwa adimu. Tangu mwaka 2008, Intel ilipoanza kuweka Turbo Boost kwenye prosesa za mezani za Core i7, kiwanda chenyewe huikimbiza prosesa pale kazi inapoihitaji na joto linaporuhusu. AMD nao wana ya kwao. Kwa hiyo kinachobaki kwako na kwangu ni mabaki ya akiba, siyo akiba yenyewe.

Tena siyo kila kompyuta inakubali. Kwa Intel, tafuta prosesa ya mezani ambayo jina lake lina herufi K, na ubao mama, yaani mazabodi, wa kundi la Z. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za mezani tangu mwaka 2017 zimeachwa wazi, ila ubao uwe wa kundi la B au X. Laptopu ziache. Nyingi zimefungwa, na hata isiyofungwa haina nafasi ya kutoa joto la ziada.

Ukisikia watu wanataja namba za kutisha, usibabaike. Mwaka 2011 prosesa ya AMD FX ilifikishwa gigahezi 8.429, na mwaka 2022 Core i9-13900K ilivushwa 9. Mara zote mbili ilitumika heliamu ya kimiminika, kitu chenye baridi ya zaidi ya nyuzi 260 chini ya sifuri. Hayo ni mashindano, hudumu dakika chache. Sisi tunazungumzia mashine itakayoishi chumba kimoja na binadamu.

Kila kasi ina bili yake

Hapa ndipo penye siri ya mambo yote, kwa hiyo vuta kiti.

Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hugeuka joto. Joto hilo hupanda sambamba na mapigo. Mapigo yakiongezeka kwa asilimia 10, joto nalo asilimia 10. Lakini mapigo yakizidi sana prosesa huanza kuyumba, na dawa yake ni kuiongezea volti. Volti zina tabia mbaya: joto hupanda kwa mraba wake. Ongeza volti asilimia 10, joto linapanda asilimia 21. Ongeza vyote viwili kwa pamoja na bili inaanza kuuma.

Chukua mashine yangu. Ina Core i7-8700K, prosesa ya mwaka 2017 yenye viini 6. Ikifanya kazi na viini vyote, kiwanda kimeipangia gigahezi 4.3, na yangu hutumia takriban volti 1.15 hapo. Kurenda harusi ni saa 4.

Nikaipandisha hadi 4.7. Ilitaka volti 1.22. Kwa hesabu, kasi imeongezeka asilimia 9 na joto asilimia 23. Saa 4 zimekuwa saa 3 na dakika 40. Si haba.

Nikaijaribu 5.0, ile namba ambayo vijana wanapenda kuitaja vijiweni. Ilidai volti 1.35. Ukilinganisha na kiwandani, kasi imeongezeka asilimia 16, joto asilimia 60! Saa 4 zimekuwa saa 3 na dakika 26.

Umeiona hiyo? Hatua ya kwanza ilinipa dakika 20. Hatua ya pili iliniongezea dakika 14 tu, na kwa ajili ya dakika hizo joto lilipanda tena kwa asilimia 30 juu ya lile la hatua ya kwanza. Na joto hilo lazima litolewe na feni. Feni ndiyo kelele. Kelele ndiyo mume wangu kugeuka geuka kitandani saa 6 usiku. Dakika 14 zangu zinalipwa na mtu mwingine.

LUKU nayo inasoma. Wati 60 za ziada kwa saa 4 kila siku ni uniti 7.2 kwa mwezi wa siku 30.

Na volti haziishii kwenye joto, huichosha prosesa yenyewe. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinayumba kwa sababu ya kupewa volti zilizozidi, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Hizo ni volti zilizoombwa na mfumo wa kiwanda wenyewe. Sembuse wewe unayezipandisha kwa kubahatisha?

Angalizo kabla hatujaendelea: hesabu yangu inahusu kazi inayofanywa na prosesa. Kama programu yako inarenda kwa kadi ya picha, kuikimbiza prosesa kutakupa faida ndogo sana. Chunguza kwanza nani anayefanya kazi ndani ya mashine yako.

Joto halipotei, linahama

Wengi wanadhani kipozeo kinaua joto. Hakiui. Kinalitoa kwenye prosesa na kulimwaga chumbani. Kompyuta inayokula wati 250 kwenye chumba kilichofungwa ni sawa na kuwasha globu mbili na nusu za zamani za wati 100 na kulala nazo. Sasa fikiria Februari ya Dar es Salaam, umeme umekatika mchana kutwa, chumba saa 4 usiku bado kina nyuzi 31. Prosesa inaanzia kwenye hizo 31, haianzii sifuri.

Ndiyo maana ushauri unaotoka nchi za baridi uusome kwa tahadhari. Mtu wa Ulaya akisema mashine yake imefika nyuzi 75, huenda chumba chake kilikuwa na 20. Kwako wewe hiyo hiyo itakuwa 86.

Vipozeo viko vya aina tatu. Kuna kile kidogo kinachokuja na prosesa; kinatosha kwa mwendo wa kiwandani, basi. Kuna cha mnara, chenye mapezi mengi ya alumini, mabomba ya shaba na feni kubwa moja au mbili. Na kuna cha maji, ambacho husukuma maji kwa pampu hadi kwenye rejeta yenye feni. Cha maji kinapendeza machoni, lakini nacho humwaga joto kwenye hewa ile ile ya chumba, na kina pampu inayoweza kulia usiku. Hakuna kati ya hivyo kinachoweza kuipeleka prosesa chini ya joto la chumba.

Mimi nilichagua mnara wa feni mbili. Hauvuji, na feni ikifa nanunua feni tu. Kampuni kama Noctua ya Austria, iliyoanzishwa mwaka 2005, imejijengea jina kwa vitu vya aina hii visivyo na kelele, ingawa rangi zake za kahawa na maziwa zinahitaji moyo. Zipo pia za bei ya chini zinazofanya kazi nzuri. Kabla ya kununua pima upana wa kasha, yaani lile boksi ambalo wengi hupenda kuliita CPU. Minara mikubwa hufika urefu wa milimita 165 na kasha jembamba halitafunga.

Ukikifunga, weka pesti ya joto kati ya prosesa na kipozeo, kiasi cha punje moja ya mbaazi. Kazi yake ni kuziba vinyweleo vya hewa, kwa hiyo usipake kama siagi kwenye mkate. Baada ya miaka kadhaa hukauka. Ifute kwa spiriti safi na uweke nyingine.

Halafu kuna adui yetu wa kila siku, vumbi. Kabla hujatumia shilingi yoyote, fungua kasha ulisafishe. Kompyuta iliyokaa mwaka mzima karibu na barabara ya vumbi hujenga blanketi kwenye mapezi, na blanketi ni blanketi tu. Tumia brashi laini na bloa, ukishika mapanga ya feni yasizunguke hovyo. Mabinti, ile stokingi iliyochanika msiitupe: ikivutwa vizuri mbele ya tundu la kuingizia hewa huwa chujio safi kabisa. Ioshe kila baada ya wiki mbili, kwa sababu ikijaa vumbi inakaba hewa.

Wenye kiyoyozi mna bahati. Chumba kikishuka nyuzi 6, prosesa nayo hushuka karibu hizo hizo. Lakini msisikilize wanaosema weka barafu. Kwenye hewa yetu ya pwani, chochote chenye ubaridi kuliko hewa hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na maji juu ya ubao mama ni msiba.

Kelele apime anayelala

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele za makazi, lilishauri kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Hiyo ni ndogo kweli, kama mtu anayenong'ona. Kumbuka pia kwamba desibeli hazijumlishwi kama shilingi: kelele ikipanda desibeli 10, sikio huisikia kama imekuwa mara mbili.

Programu za simu za kupimia kelele ni za kukisia tu, hasa sauti ikiwa ndogo. Sisi tulitumia kipimo bora zaidi. Saa 4 usiku, mtaa umetulia, mume wangu alijilaza mahali pake na kufumba macho. Mimi nikakaa kwenye kompyuta na kupandisha feni mizunguko 50 kwa 50.

"Mia saba."

"Sisikii kitu."

"Mia nane."

"Naisikia, lakini haina neno."

"Mia nane na hamsini."

"Hapo hapo. Usivuke hapo, mke wangu."

Basi, 850 ikawa sheria ya nyumba. Nakuhakikishia hilo zoezi la dakika 10 lilitusaidia kuliko wiki nzima ya kusoma makala za mafundi. Watu wengi huanza na kasi wanayoitaka, halafu wanahangaika kupunguza kelele. Anza upande wa pili. Mwache anayelala aweke mpaka wa feni, kisha tafuta kasi inayoweza kuishi ndani ya mpaka huo.

Kwetu ilijibu maswali yote. Kwa feni za 850, kwenye chumba cha nyuzi 31, gigahezi 4.7 ilitulia nyuzi 84. Gigahezi 5.0 ilivuka 95 ndani ya dakika chache, na ili ishuke feni zilitaka mizunguko 1,500. Tofauti ya kelele kati ya 1,500 na 850 ni kama desibeli 12. Nikafuta 5.0 kwenye daftari langu, wala roho haikuniuma.

Ukubwa wa feni nao una maana. Feni ya milimita 120 au 140 ikizunguka taratibu husukuma hewa ambayo ile ndogo ya milimita 80 huisukuma kwa kupiga mayowe. Kama kasha lako lina nafasi ya kubwa, weka kubwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kinachoamsha mtu si ukubwa wa kelele peke yake, ni kubadilika kwake. Feni inayovuma sawasawa usiku kucha mtu huizoea kama mvua ya bati. Feni inayopanda na kushuka kila sekunde 5 inakera kuliko mbu. Ndani ya BIOS utakuta sehemu ya kupanga feni. Yangu nimeipanga ikae 600 hadi nyuzi 60, kisha ipande kwa mteremko mlaini, tena isubiri sekunde kadhaa kabla ya kubadilika.

Usisahau mitetemo. Kasha likikaa moja kwa moja juu ya meza ya mbao, meza nzima inageuka ngoma. Liweke chini, juu ya kipande cha raba au mkeka wa mazoezi. Hadi diski ya kuzunguka ihamishe kazi ya akiba tu, na programu ziwe kwenye SSD ambayo haina kinachozunguka. Lakini kamwe usiifungie kompyuta ndani ya kabati ili isisikike. Itameza joto lake yenyewe na feni zitalia zaidi.

Hatua kwa hatua, bila papara

Ukishapata mpaka wa kelele, kazi ya kuikimbiza ni uvumilivu tu. Pata daftari.

Kwanza, pima ilivyo sasa. Programu ya bure kama HWiNFO itakuonyesha joto, volti na mapigo. Andika.

Pili, ingia BIOS. Kwenye Intel ya aina yangu kuna mwendo wa msingi wa megahezi 100 unaozidishwa na namba. 100 mara 47 ndiyo gigahezi 4.7. Usiguse ile 100. Ongeza kizidishi namba moja tu, hifadhi, washa.

Tatu, itese. Prime95 au OCCT kwa nusu saa, huku ukitazama joto. Prosesa hii hujipunguza kasi yenyewe ikifika nyuzi 100, lakini mimi huishia 85 ili nibakize nafasi kwa siku za joto kali.

Nne, ikiyumba au kujizima, una njia mbili: rudi namba moja, au ongeza volti kidogo sana. Kwa wanaolala chumba kimoja, nashauri mara nyingi urudi.

Tano, chagua volti zinazoshuka zenyewe mashine inapopumzika, badala ya volti za kudumu. La sivyo utakuwa unapasha chumba joto hata unaposoma barua pepe.

Ikigoma kabisa kuwaka usilie. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kwenye ubao mama kwa dakika chache, rudisha. BIOS itasahau yote na kurudi kiwandani.

Na pawa saplai isiwe ya kubahatisha. Wati zilizoandikwa ubavuni si lazima ziwe za kweli. Nembo ya 80 PLUS, mpango ulioanza mwaka 2004, ni mwanzo mzuri wa kujua kwamba imepimwa. UPS pia, kwa umeme wetu huu, usiifikirie mara mbili.

Harusi hairudiwi

Sasa hapa ongea na mimi kama mtu mwenye mteja. Kompyuta iliyokimbizwa kupita kiasi si lazima izime. Wakati mwingine hukosea kimyakimya: faili linaharibika, picha inakatika katikati ya viapo, na hujui mpaka bibi harusi akupigie simu. Gemu ikikwama unaanza upya. Mama mzazi wa bwana harusi akilia siku ile, hawezi kulia tena kwa ajili yako.

Ndiyo maana majaribio ya nusu saa hayatoshi. Baada ya kufika 4.7 nilirenda kazi ya zamani iliyokwisha kukabidhiwa, mara tatu, na kuitazama yote. Na sifuti kadi za kamera mpaka mteja amepokea na kuridhika. Nakala moja hukaa kwenye diski ya nje ambayo haiguswi na mashine inayofanyiwa majaribio. Kama kompyuta inawalisha, uimara unakuja kabla ya kasi. Hilo halina mjadala.

Mkataba wa saa nne

Kuna swali ambalo mume wangu aliniuliza tukiwa tunakula, na lilinifanya niweke kijiko chini. "Hivi ukiiacha ikarenda usiku na wewe umelala, hiyo haraka ni ya nini?"

Kweli kabisa! Kasi ina maana pale kuna mtu anasubiri. Jioni nikiwa mezani, kila dakika inayopungua ni yangu. Lakini nikishalala, kazi ikiisha saa 8 usiku au saa 9 kwangu ni mamoja. Mimi naamka saa 12.

Kwa hiyo sasa mashine yetu ina tabia mbili. Hadi saa 4 usiku inakwenda 4.7, ndani ya ile sheria ya 850. Ikigonga saa 4, naingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kushusha kikomo cha prosesa hadi asilimia 99. Hiyo 1 inayoondoka huizima Turbo, na mashine hurudi kwenye mwendo wake wa msingi wa gigahezi 3.7, volti zinashuka, feni zinabaki 600. Kazi ya saa 4 inakuwa saa 4 na dakika 40, na hakuna anayejua kwamba inaendelea isipokuwa ile taa ndogo, ambayo nayo nimeifunika kwa plasta.

Wale mnaotumia kadi ya picha mna njia inayofanana: shusheni kikomo chake cha umeme hadi asilimia 80. Mara nyingi kasi inayopotea ni ndogo sana kuliko joto linaloondoka. Na kama hutaki kukimbiza chochote, jaribu kinyume chake: acha mapigo ya kiwandani na punguza volti kidogo kidogo, ukipima uimara kila mara. Utapata mashine ile ile yenye ubaridi na ukimya zaidi. Kwa wanandoa wengi naamini hiyo ndiyo ingetosha.

Kabla hujagusa kitu, kaeni mjibu haya

• Nani anasubiri kompyuta hii, na saa ngapi? Kama hakuna anayesubiri, kasi ya nini?

• Nani analala karibu nayo, na mmempa nafasi ya kusema mpaka wake akiwa amelala pale pale?

• Imesafishwa lini? Kama ni zaidi ya miezi 3, anzieni hapo, ni bure.

• Bajeti ni kiasi gani? Kipozeo na feni mbili nzuri zihesabiwe mwanzoni. Zisitokee baadaye kama dharura kwenye hela ya kodi.

• Kazi muhimu zina nakala nje ya mashine?

• Kikitokea kitu, mnaweza kuishi wiki moja bila kompyuta hii?

Mkikubaliana yote, chukueni bisibisi Jumamosi mchana, mkiwa wawili. Mmoja ashike tochi, mwingine afungue. Na skrubu ziwekeni kwenye kisosi, maana zikidondoka chini ya kitanda hapo ndipo ugomvi wa kweli utaanza.